Maceió 1912: Uganga Ulionyang'anywa Ngoma

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 1912, mjini Maceió, ngoma zilikuwa zinalia. Huo ni mji wa pwani, makao makuu ya jimbo la Alagoas, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, na vilinge vya Waafrika na wajukuu zao vilikuwa vimejaa watu. Kundi lenye silaha likatoka mjini, likapita kilinge baada ya kilinge. Walivunja sanamu, wakachana mavazi, wakapiga watu, wakawasha moto na kutupa humo walichokikuta. Vichache wakaviacha makusudi ili wavitembeze barabarani kwa kejeli na kuviweka maonyesho kwenye ofisi yao.

Wenyeji huuita usiku ule Quebra de Xangô, yaani kuvunjwa kwa Xangô. Xangô ni orisha, yaani mmoja wa miungu wa dini hiyo, wa radi na haki, ila Alagoas na jirani yake Pernambuco jina hilo limebeba pia dini yenyewe na nyumba inamofanyika. Mtu wa kule huenda xangô kama mtu wa Bahia, jimbo jingine la Brazil, anavyokwenda kandomble, dini ya aina hiyohiyo.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha siasa au cha ubaguzi, na ni vyote viwili. Mimi nataka kukitazama kwa upande wa ngoma. Kilichofuata baada ya usiku ule ni kitu adimu katika historia ya muziki: dini nzima ya kupiga ngoma iliendelea kuishi bila kupiga ngoma.

Tuimalize siasa haraka. Gavana wa wakati huo, Euclides Malta, alikuwa ameishika Alagoas tangu 1900, akimwachia ndugu yake kiti kipindi kimoja katikati na kukirudia. Wapinzani walikuwa wamechoka, na walipotafuta la kumchafulia jina wakalipata: gavana anaendea vilinge, ndivyo vinavyomlinda. Kikundi kilichojiita Liga dos Republicanos Combatentes, kilichoundwa mwishoni mwa 1911, kikaifanya kazi ya mikono. Gazeti la Jornal de Alagoas likashangilia kwa mfululizo wa makala zenye kichwa kimoja tu, "Bruxaria", maana yake uchawi. Kwa bahati ya ajabu, makala zile za matusi leo ndizo zinazowasaidia wanahistoria kujua majina ya vilinge na vitu vilivyokuwemo. Adui aliandika orodha ya mali.

Mwanamke mmoja anakumbukwa kuliko wote: Tia Marcelina, Shangazi Marcelina, mama mkuu wa kilinge kilichoheshimika sana. Alipigwa upanga kichwani. Masimulizi ya watu wa vilinge yanasema alimjibu mpigaji kwamba damu ataitoa lakini maarifa hatayatoa. Kama aliyasema hivyo au yalitungwa baadaye na waliompenda, sitabishana. Jeraha lile ndilo linalotajwa kuwa lilimuua. Viongozi wengine walikimbia mji.

Sasa sheria, maana kuna jambo hapa ambalo wengi hulipita. Utumwa Brazil ulifutwa tarehe 13 Mei 1888. Mwaka uliofuata ufalme ukaanguka, na Jamhuri mpya ikatoa Sheria ya Adhabu ya 1890. Katiba ya 1891 ikatenganisha serikali na kanisa na kuahidi uhuru wa kuabudu. Kwa karatasi, basi, mtu wa xangô alikuwa huru. Mtego ulikuwa kwenye vifungu vya 156, 157 na 158 vya ile sheria ya adhabu, vilivyokataza kutibu bila shahada, kufanya uramali na mazingaombwe, na kuwaaminisha watu kwamba wataponywa maradhi, yawe yanayotibika au yasiyotibika. Vifungu hivyo vilikuwa chini ya makosa dhidi ya afya ya umma. Kuabudu ruksa, kuponya marufuku. Kwa dini ambayo ndani yake hakuna mpaka kati ya kuabudu na kuponya, hiyo ni sawa na kumwambia mtu apumue lakini asivute hewa.

Ili kuelewa kilichopotea lazima kwanza tujue ngoma hufanya nini mle ndani, na hapa nitatumia mfano wa vilinge vya taifa la Ketu huko Bahia, ambako mambo yameelezwa kwa kina. "Taifa" ni neno lao wenyewe, wakimaanisha mkondo wa mila: Ketu, Jeje, Angola.

Ngoma ni tatu, na kwa pamoja huitwa atabaki: rum ndiyo kubwa, rumpi ya kati, lé ndogo. Zinasindikizwa na kengele ya chuma, agogo, ambayo kazi yake ni kama ya upatu kwetu. Hiyo haiyumbi. Inarudia mgongo uleule, yaani mdundo mmoja wa msingi, kuanzia wimbo unapoanza hadi unapokatwa, na wengine wote wanajipima kwayo. Rumpi na lé hushika mwendo. Rum peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kusema. Mpenzi wa muziki wa dansi hapa anaweza kupotea, maana amezoea sauti nene kuwa nguzo na sauti nyembamba kuchombeza juu yake. Kwenye kandomble mambo yamegeuka: nyembamba ndiyo nguzo, nene ndiyo msemaji.

Anayeipiga rum huitwa alabe. Mtazame macho: haangalii ngoma yake hata kidogo, anaangalia miguu na mabega ya anayecheza. Orisha akishafika katika mwili wa mtu, rum ndiyo inayozungumza naye. Bega likipanda, rum inajibu. Rum ikikata, mwili unageuka. Wanapigia fimbo nyembamba ziitwazo aguidavi, mara nyingi za mti wa mpera. Ngozi ikilegea kabari za mbao hugongwa hadi sauti irudi. Ngoma zenyewe si vyombo tu. Hulishwa kama wanavyolishwa orisha, huvishwa kitambaa na kufungwa fundo kubwa mbele, haziazimwi kwenda kuchangamsha harusi ya jirani. Mtu wa kilinge akiingia huzigusa kwa ncha za vidole na kupeleka vidole kwenye paji la uso, jinsi mtoto anavyoamkia mkubwa.

Kila orisha ana mdundo wake. Xangô ana aluja, wa kasi na wa moto. Oxum, mwenye maji matamu, huchezewa ijesha, unaopigwa kwa viganja bila fimbo, mlaini mno kiasi kwamba umetoka vilingeni na kuingia karnivali na redioni. Upo na adarrum, usio na wimbo, wa kuharakisha: kama orisha wanachelewa, ndio unaowaita wote kwa pamoja.

Lakini kwa habari ya uponyaji mdundo wa kusimama nao ni opanije, wa Obaluaê. Huyu ndiye mwenye ndui, mwenye majipu na homa, na kwa sababu hiyohiyo ndiye mwenye dawa. Hufika amefunikwa kwa vazi la nyuzi za mwale kuanzia kichwani, uso hauonekani. Opanije ni wa polepole na unakatikakatika: rum inasema neno zito, inanyamaza, inasema tena. Anayecheza ameinama, anatetemeka, anaonyesha ardhi. Unauona ugonjwa unacheza. Chakula chake ni bisi, na bisi hizohizo ndizo anazopitishiwa mgonjwa mwilini na kumwagiwa kichwani. Hadithi yao inasema Iansã, mwenye upepo, alimpulizia Obaluaê katikati ya ngoma, na vidonda vyake vikaruka juu vikageuka bisi. Ukiijua hadithi hiyo, ule unyamavu wa rum katikati ya opanije unausikia vingine. Ni pumzi kabla ya upepo.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana. Kwetu pia neno "ngoma" ni chombo, ni mchezo, na ni tiba. Mtu anaumwa, hospitali haioni kitu, mganga anasema kuna pepo mwenye madai yake, na pepo hazungumzi mpaka apigiwe ngoma yake, siyo ya mwenziwe. Na si kufanana kwa bahati tu. Katika taifa la Angola, lililotoka kwa watu wa Kimbundu na Kikongo, atabaki huitwa ngoma, hivihivi tunavyoandika, na mpigaji wake mkuu huitwa shikarangoma. Mganga wao wa Kikongo ni nganga. Dini nyingine ya Brazil, Umbanda, jina lake kwa Kimbundu lina maana ya uganga. Hayo ni maneno ya ukoo wetu wa lugha, yaliyovuka bahari upande wa pili.

Tofauti nazo zipo, na zinanifurahisha. Mtu anayeingiwa, kwetu ni kiti. Katika Umbanda ni farasi. Pepo wetu hupanda kichwani; orisha wao hushuka. Tena orisha si pepo wa kupungwa aondoke. Akishajulikana hutengenezewa makao katika kichwa cha mtu, na mtu yule hukaa naye maisha yote. Ugonjwa mara nyingi ndio barua ya mwito, na tiba yake ni kuitikia.

Turudi Maceió, asubuhi ya tarehe 2.

Waliobaki walikuwa na tatizo la kiufundi kabisa. Ngoma ndiyo inayoita, na ngoma ndiyo inayosikika mtaa wa tatu. Maombi hayasikiki nje, majani yakitwangwa hayasikiki, simbi za kupigia ramli zikirushwa juu ya mkeka hazisikiki. Mlio wa rum unapita ukuta. Kwa hiyo waliponyamazisha, walinyamazisha kile kitu kimoja. Ibada ikahamia ndani, milango ikafungwa, nyimbo zikaimbwa chini chini, na mahali pa ngoma pakawekwa makofi. Mtafiti aliyefika Maceió baadaye aliikuta bado hivyo, na namna ile ya kuabudu ikapata jina ambalo limebaki: xangô rezado baixo, xangô ya kuombwa kwa sauti ya chini.

Wapo wanaoiona hali hiyo kama kushindwa. Siafiki. Kuamua kipi kiachwe ili kingine kiishi ni kazi ya mtu anayekijua anachokishika. Simbi zilibaki, majani yalibaki, maji ya kuoga ya dawa yalibaki, majina ya orisha na nyimbo zao yalibaki mdomoni. Mgonjwa mmoja angeweza kuja usiku, akaulizwa, akaogeshwa, akaombewa. Uganga wa mtu mmoja ulinusurika.

Kilichokufa, au kilichozimia kwa miaka mingi, ni uganga wa kadamnasi. Opanije haipigiwi mgonjwa mmoja chumbani. Inapigwa watu wote wakiwa wamesimama, na aliyekuja mzima anamwona mwenye ndui akicheza mbele yake na anamwinamia. Ugonjwa unatolewa kwenye aibu ya chumba cha ndani na kuwekwa katikati ya uwanja wenye taa. Hilo makofi ya chini chini hayaliwezi. Hata mazungumzo kati ya rum na mwili, ambayo ndiyo kiini, hayawezekani kwa makofi: makofi yanashika mwendo, yaani yanafanya kazi ya rumpi na lé, lakini hayana namna ya kusema. Ibada ilibaki na nguzo, ikapoteza msemaji.

Jambo jingine ni mikono. Wimbo mtu anaweza kuuficha kichwani miaka 30 na kumnong'oneza mjukuu. Mdundo haunong'onezwi. Kijana hujifunza rum kwa kukaa miaka kwenye lé, akikosea na kukaripiwa, na masikio yake yakizoea kumsikia mkubwa akiongea juu yake. Mji ukinyamaza, kizazi kizima cha wapigaji kinakosa mahali pa kukosea. Hata maracatu, misafara ya karnivali yenye ngoma nzito, iliyofungamana na watu wa vilinge, ilififia Maceió kwa miongo mingi, wakati Recife, mji wa jimbo la jirani la Pernambuco, iliendelea kutikisa barabara.

Kuna kitu kinachonisumbua kila nikifikiria makofi yale. Mila hii ilikuwa tayari inajua kunyamazisha ngoma, lakini kwa sababu moja. Mtu mkubwa wa kilinge akifa hufanywa ibada ya maziko iitwayo asheshe, na katika nyumba nyingi atabaki hazipigwi. Badala yake hupigwa mitungi ya udongo, mdomoni mwake, kwa upepeo wa majani, pamoja na vibuyu vilivyofunikwa juu ya maji. Sauti yake ni nzito na butu, kama mtu anayegonga mlango wa mbali. Ngoma hurudi baadaye, kwa utaratibu, matanga yakiisha. Maceió wakalazimishwa kunyamaza bila mtu wa kutangaza mwisho wa matanga. Hii ni tafsiri yangu, wenyewe wanaweza kunicheka, lakini sioni picha iliyo karibu zaidi na hali ile.

Na vile vitu vilivyotembezwa kwa kejeli? Havikuteketea vyote. Vilihifadhiwa na chama cha wafanyakazi wa maduka kilichoitwa Perseverança, na mwaka 1950 vikahamia Taasisi ya Historia na Jiografia ya Alagoas. Leo ni mkusanyo wa vipande zaidi ya 200, unaoitwa Coleção Perseverança. Jina hilo maana yake uvumilivu, na lilitoka kwenye chama, wala hakuna aliyekusudia utani. Ni miongoni mwa mikusanyo ya zamani kabisa ya vitu vya dini hizi nchini Brazil. Ndiyo hali ya mambo: tunajua mavazi na sanamu za mwaka 1912 zilivyokuwa kwa sababu waporaji walitaka nyara.

Alagoas haikuwa peke yake, ila kwingine serikali yenyewe ndiyo iliyofanya kazi hiyo, taratibu na kwa mihuri. Rio de Janeiro polisi walikusanya vitu vya vilinge kwa miongo, kuanzia 1889 hadi 1945, ngoma zikiwemo, na mwaka 1938 mkusanyo huo ukaandikishwa kuwa urithi wa taifa chini ya jina la makumbusho ya "uchawi mweusi". Vitu 519 vilitoka mikononi mwa polisi mwaka 2020 tu, baada ya kampeni ndefu ya mama wa vilinge, vikapelekwa Museu da República, yaani Makumbusho ya Jamhuri. Bahia, ambako watalii leo huenda kusikiliza atabaki, kilinge kilihitaji kujiandikisha polisi hadi Januari 1976.

Nigusie na upande wa pili, kwa kuwa nimeshauona mara nyingi mtandaoni: warsha za ngoma za uponyaji, huko Ulaya na Marekani, zinazofundisha ijesha kwa saa mbili na kumwahidi mtu utulivu wa moyo. Sina ugomvi na anayetaka kutulia. Lakini kisa cha Maceió kinaonyesha tiba ilikaa wapi. Haikukaa kwenye mgongo wa kengele, ambao mtu yeyote mwenye sikio ataushika jioni moja. Ilikuwa kati ya alabe na anayecheza, na kati ya hao wawili na watu waliosimama pembeni wakijua majina ya kila kinachotokea. Mgeni aliyejifunza ijesha amejifunza mdundo mzuri. Waliovunja vilinge 1912 walijua zaidi ya hapo, ndiyo maana hawakuishia kuvunja ngoma. Walipiga na watu.

Tarehe 1 Februari 2012, miaka 100 kamili, gavana wa Alagoas, Teotônio Vilela Filho, alitia saini barua ya serikali ya kuomba radhi kwa jamii za vilinge. Hili ni jimbo lile lile lenye Serra da Barriga, mlima wa Palmares, ngome ya watumwa waliotoroka, ambayo kiongozi wake Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695 na leo ni shujaa wa taifa. Alagoas ilijifunza kumsifu Mwafrika aliyekufa zamani mapema kuliko ilivyojifunza kumwomba radhi jirani yake.

Radhi ile iliambatana na maadhimisho mjini, watu wa vilinge wakiwa na mavazi meupe na ngoma zao, mahali pa wazi, mchana kweupe na usiku pia. Waandaaji hawakuhangaika kutafuta jina. Walichukua lile la zamani, wakabadilisha neno moja: Xangô Rezado Alto, xangô ya kuombwa kwa sauti ya juu.